Aliyetangulia Mtoni

Siku ile mjinga alikuwa Verlin. Mwenyewe alikubali hata kabla hajavua viatu vyake vya mpira, na sisi wa mtoni hatukuona haja ya kumbishia.

Alifika Kona ya Mwerezi, pale mto unapopinda, kukipambazuka. Mvua ilikuwa imekatika, maji yamepungua na kugeuka kijani kama chupa. Hayo ndiyo maji ya stilihedi, yule trauti anayekwenda kukulia baharini, kisha majira ya baridi anarudi mtoni na nguvu za ndama na hasira za nyuki. Huku Oregon watu huugua ghafla asubuhi ya maji kama hayo, na waajiri hawaulizi. Verlin alitaka kuja tangu jana, lakini dada yake Nedra, anayeishi kando ya daraja, alimpigia simu: maji bado ni tope, ngoja Jumapili.

Sasa Jumapili imefika, na ndani ya maji kuna mtu.

Alikuwa amewapa miti mgongo, maji yamemfika mapajani, ukungu mabegani. Koti la mvua, ufito wa kuvulia mkononi, kofia nyekundu ya sufu.

Verlin akajishika kichwa. Kofia yake nayo ilikuwa nyekundu. Nedra alizifuma mbili kutoka bunda moja la sufu, moja ya kaka, moja ya mume. Basi huyu ni Orval. Shemeji.

Hawakuwa wamesemezana tangu baridi ya mwaka juzi. Siku hiyo Verlin alimvuta samaki wa maisha yake mpaka miguuni, Orval akaja na wavu kumsaidia, mshipi wa ndoana ukaachia, samaki akaenda zake. Verlin akamwambia mbele ya watu kwamba hata supu asingeweza kuitia kwenye bakuli. Tangu hapo kila mmoja akavua kivyake, na kila Jumapili Nedra akawa anapika mara mbili: kwanza kwake, kisha anakwenda kuwasha jiko nyumbani kwa kaka yake, maana hakuna aliyekubali kuketi meza moja na mwenziwe.

Mtoni kuna adabu moja ambayo hata wezi wanaiheshimu. Aliyetangulia hutupa ndoana, hushuka hatua moja, hutupa tena. Wewe uliyechelewa unaingia nyuma yake, upande wa juu, unamfuata. Huingii mbele yake hata kama nyumba yako inaungua.

Verlin akaingia nyuma. Akatupa. Akangoja shemeji ashuke.

Shemeji hakushuka.

Akakohoa. Akatupa tena pale pale, kwenye maji matupu. Huko chini, mbele kidogo ya kofia nyekundu, stilihedi mnene kama paja akaruka na kuanguka kwa kishindo. Orval hakugeuza hata shingo.

"Mto unatembea, Orval. Wewe umeota mizizi?"

Kimya.

Samaki akaruka tena. Verlin akaelewa anangojwa aseme nini.

"Haya," akasema. "Haya, shemeji. Lile fundo nililifunga mimi. Samaki alipoponyoka niliangalia ncha ya mshipi, nikaikuta imejikunja kama mkia wa nguruwe. Haikukatika. Fundo lilifunguka. Nikaificha mfukoni, nikakutukana wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu." Akavuta mshipi wake. "Na sijapata mtu wa kuvua naye. Nimejaribu kuja na mbwa. Anakula chambo."

Kimya.

Hapo adabu ikamwishia. Akashuka kwa vishindo akamshika bega. Bega likabonyea. Ndani ya koti mlikuwa na gunia lililojazwa majani, limefungwa kwenye mti uliochomekwa katika changarawe. Vifungo vyote vya koti vilikuwa vimefungwa sawasawa, jambo ambalo Orval hajawahi kulifanya tangu azaliwe, lakini Verlin hakuwa na macho ya vifungo. Akaing'oa ile kofia, akapanda gari, akaenda moja kwa moja hadi nyumba ya kando ya daraja.

"Umeweka sanamu ikushikie nafasi," alianza mlango ulipofunguka, "ukajificha kichakani unisikilize kama..."

Hakumaliza. Orval alikuwa mlangoni na kisu cha kumenyea viazi, na kichwani ana kofia nyekundu.

Verlin akaitazama ile. Akaitazama iliyo mkononi mwake. Akaigusa ya kwake.

"Sanamu?" Orval akaketi kizingitini taratibu. "Mimi nilidhani ni wewe. Jana nimesimama nyuma yako asubuhi nzima. Nimekuomba radhi, Verlin. Nimekwambia siku ile nilifumba macho nikapeleka wavu, nikaupiga mshipi. Hukunijibu. Nikasema ana haki, nikarudi nyumbani."

"Hukuupiga. Fundo ndilo lilifunguka."

"Niliupiga, nakwambia."

"Ulifumba macho, ulijuaje? Fundo lilikuwa langu."

"Na wavu ulikuwa wangu. Usije kuninyang'anya kosa langu mlangoni kwangu."

"Kichwa kigumu wewe, hata kuomba radhi hujui."

"Na wewe hujui hata kuombwa."

Orval alikwishasimama. Wote wawili walikuwa wamevimba shingo, kofia zao zimegusana. Nedra akatokea jikoni na mwiko. Akaichukua ile kofia ya tatu mkononi mwa kaka yake, akaikamua maji pale pale mlangoni, akaitundika kwenye msumari.

"Mwenye la kuongeza, yule msikivu bado yuko mtoni," akasema. "Mimi leo nimepika sufuria moja."