Msumeno Uliokwama Forodhani

"Haki ya Mungu, shemeji, ninayokwambia ni kweli tupu," Redio aliapa, mkono kifuani. "Hata punje ya chumvi sijatia. Nikikudanganya, gharama zote za ule msumeno nilipe peke yangu, na mchango wako nikurudishie."

"Nimekusikia," alijibu shemeji yake, akachukua ufagio. "Usije ukayameza hayo maneno mchana."

Walikuwa wawili tu kwenye karakana waliyoikodi pamoja. Redio alikuwa karani wa stoo aliyestaafu, akajifunza useremala mwenyewe uzeeni. Mtaa ulimbandika jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa fundi wa maisha yake yote. Hakuwahi kumsamehe Redio kwa kumwoa dada yake, wala dada yake kwa kukubali.

Ugomvi wa safari hii ulikuwa msumeno wa ng'ambo, ule unaokata ukiuvuta kuja kwako badala ya kuusukuma. Redio alikuwa ameupigia debe mpaka mate yakamkauka. "Wenzetu wanauvuta tu, kama unachana nywele!" Shemeji alimcheka. "Uvute, vumbi lote likukalie mapajani kama mjukuu?" Lakini alichanga nusu, kwa shingo upande, na tangu siku hiyo msumeno hakuuona. Sasa alikuwa amesema neno la mwisho: leo apate msumeno au maelezo yanayoingia akilini, la sivyo anahamisha vitu vyake, na benchi ni lake. Bila benchi, Redio angebaki nyumbani kumsimulia mkewe, ambaye alishaacha kumsikiliza zamani.

"Basi nikafika dirishani pale forodhani," Redio alianza, amejikalia kwenye kiboksi cha misumari. "Afisa mwenyewe mwanamke, uso mkavu kama kiatu kilichosahauliwa juani. Namwamkia, haitikii. Nasema nimefuata msumeno wangu..."

"Wetu," alisema shemeji.

"Wetu. Ananiambia, mzee, lipa ushuru. Namuuliza, ushuru wa nini, kipande cha bati chenye meno? Ananikazia macho. 'Hatutozi kwenye bei ya msumeno peke yake. Tunajumlisha bei, usafiri na bima, halafu ndiyo tunatoza.' Nikamwambia, mama, yaani unanitoza ushuru wa nauli? Nauli ilishaliwa na ndege! Mimi mwenyewe ndege sijawahi kupanda, leo niulipie msumeno tiketi, halafu niilipie tiketi ushuru?"

Alijipiga paja kwa hasira. Vumbi likafuka.

Shemeji alikuwa ameinama, anafagia. Kila asubuhi kazi ilikuwa hiyohiyo: Redio anakata mbao, vumbi linamwagika mbele ya benchi, upande wa ukutani, na anayelizoa ni shemeji huku akitukana kimoyomoyo. Leo aliingiza ufagio kule ukutani, akautoa bila vumbi, akautazama.

"Hii miguu ya stuli umeikata leo?" aliuliza.

"Alfajiri! Kwa huu msumeno wetu mkweche uliokufa meno. Bega linawaka moto, shemeji. Ndiyo maana nasema tuukomboe mwenzake haraka."

"Kumbe. Haya, afisa akasemaje?"

Redio akapata nguvu mpya. Akaeleza jinsi afisa alivyomwongezea gharama ya kuhifadhi mzigo, jinsi alivyomwita mzee msumbufu mbele za watu, jinsi yeye naye alivyomjibu kwamba kama ni usumbufu, basi umezaliwa hapo ofisini kwake. Mlinzi akaitwa. Watu kwenye foleni wakampigia makofi. Mama mmoja alitokwa machozi kabisa.

"Machozi?"

"Kwa uchungu, shemeji! Mtu mzima nadhalilishwa kwa ajili ya karakana yetu. Nikatoka kichwa juu, ila msumeno nikauacha ndani. Wameniambia ushuru na hizo gharama zao ni karibu sawa na bei ya msumeno wenyewe. Uongeze nusu yako, kesho nauleta hapa mezani."

"Dada yangu alikosa nini mpaka akapewa wewe," alisema shemeji.

"Alikosa wa kumchekesha. Ninyi nyumbani kwenu hata meno hamna ya kuonyesha."

"Na nisipoongeza?"

"Wataupiga mnada. Aununue mwenye duka, autundike ukutani kama picha."

Shemeji aliegemeza ufagio kwenye benchi. Alimtazama Redio kuanzia usoni mpaka kwenye aproni, akakawia hapo. Kisha, jambo ambalo Redio hakuwahi kuliona tangu apose kwenye nyumba ile, akatoa pochi mwenyewe bila kulazimishwa.

"Umeteseka, shemeji yangu," alisema kwa sauti laini. "Nimekuhukumu vibaya. Haya, simama upokee kwa adabu."

Redio aliruka pale kwenye kiboksi, mikono yote miwili mbele.

Kutoka mapajani mwake, vumbi la mbao lilimwagika kama unga wa gunia lililopasuka, likafunika viatu vya shemeji mpaka kwenye kamba. Shemeji aliitazama sakafu safi ya upande wa ukutani, akavitazama viatu vyake, akarudisha pochi mfukoni. "Mjukuu wa msumeno wa kuvuta huyo," alisema, akaunyoosha mkono mtupu mbele ya Redio, kiganja juu.

Redio akaanza kutafuta pochi yake.