Bima ya Joto

Siku hizi Makete hakuna nyumba inayoruhusiwa kuwasha mtambo wa kupasha joto bila bima. Tusekile, mjane aliyekuwa akimuuguza mama mkwe wake, alitakiwa kuchagua moja kati ya mbili. Mtambo ukiharibika, bima ndogo humleta fundi baada ya siku tisa. Bima kubwa humleta siku hiyo hiyo, ila mtambo husikiliza kila chumba.

"Chukua kubwa, mwanangu," mama mkwe alisema huku akikohoa. "Mimi sina la kuficha. Siku tisa za baridi hii mtakuwa mmeshanizika."

Akachukua kubwa.

Asubuhi moja ya Julai, nyasi zikiwa zimeganda barafu, tangi la maji moto lilipasuka. Kabla Tusekile hajashika simu, fundi alipiga hodi.

"Nani amekuita?"

"Mtambo wenyewe, mama. Umesikia pumzi za bibi zimebadilika."

Haikufika saa sita, mabomba yakawa ya moto. Mama mkwe aliomba uji, akamaliza kikombe kizima, akalala bila kukohoa. Tusekile alimshika fundi mikono yote miwili, akamshukuru mpaka fundi akaona haya.

"Na jikoni nimekuongezea joto kidogo," fundi alisema kwa upole, akifunga mkoba wake. "Mtambo unasema wewe huwa unalia sana pale."

Tangu siku ile jikoni kuna joto zuri. Tusekile akitaka kulia, hujifunika blanketi, akatoka nje kwenye baridi.