Makaa ya Juu

Mama wa bwana harusi aliingia uani na doti ya khanga, mpya, bado haijakatwa.

"Mpishi wangu yuko wapi nimtunze?"

"Mimi hapa, mama," Mwanahawa akajibu.

"Na huyu?"

Chausiku alikuwa ameinama, anapanga makaa ya moto juu ya mfuniko wa sufuria ya pilau. Miaka kumi na minane wamepika pamoja, na kila harusi doti yao huikata katikati, kila mtu na kipande chake. Akangoja kusikia, "Mwenzangu."

"Huyu ananisaidia tu," alisema Mwanahawa, akaipokea doti na kuibana kwapani.

Kusaidia! Heri angemwita kibarua. Kibarua ana kazi yake, inajulikana. Kusaidia ni kuteka maji na kufukuza nzi. Nani kila siku alinusa tu akajua pilau limekauka, makaa yaondolewe kabla halijaungua?

Chausiku aliweka koleo chini, akanawa mikono taratibu, akaketi kwenye kigoda na kunyoosha miguu.

"Shoga," Mwanahawa aliita kutoka mlangoni, anajipima khanga kifuani, "bado tu?"

"Sijui, shoga. Muulize mpishi."

Mwanahawa akacheka, akaigeuza khanga upande wa pili. Makaa yalizidi kuwaka juu ya mfuniko. Harufu ya mdalasini ilikuwa imeanza kubadilika, na katika ua mzima ni pua moja tu iliyojua.