Laptopu ya Marehemu Dismasi

Nehemia alichomoa betri, akaipuliza, akaifuta meno kwa kitambaa, akairudisha. Taa ya chaji ikagoma kuwaka.

"Hii laptopu mmeitesa, mama," alisema, kisha akakumbuka anasema na nani, akashusha sauti. "Samahani, Mama Bariki. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa," Honorata alijibu.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kanga mabegani, akiitazama mikono ya fundi. Tangu jana jioni hakuwa ametoa chozi hata moja. Dada zake walioteremka kutoka Kalinzi walimbembeleza: "Lia, Honorata, uchungu usikukae rohoni." Aliyatafuta machozi, hayapo. Mwili mzima ulikuwa ganzi.

Kilichomtoa matangani ni picha. Dismasi, mumewe, kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi na kipaimara. Nenda nyumba yoyote pale Gungu, ukutani utakuta watu aliowapiga yeye. Nyumbani kwake mwenyewe, ukuta mtupu. Kinyozi hajinyoi, ati! Simu yake alisafiri nayo, na ya Honorata ilikuwa kitochi kisichojua hata picha ni nini. Kama ipo sura ya Dismasi ya kuweka juu ya jeneza, imo humu kwenye laptopu, na boti inayomleta inafika Kibirizi mchana. Sasa mtu azikwe bila sura? Wanawe watamkumbuka kwa lipi?

Nehemia aliipima chaja kwa mita. Nzima. Akachomeka chaja nyingine. Wapi! Akaitoa betri kabisa, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili umeme uliobaki ndani uishe, akajaribu kuiwasha kwa chaja peke yake. Kimya.

"Bila betri nayo haiwaki. Basi betri tunaisingizia tu," alisema. "Shida iko hapa chaja inapoingilia." Akachukua bisibisi.

Honorata alisikia, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye ile simu ya jana. Ilipigwa na Ntirampeba, yule Mrundi anayemshikia Dismasi taa za kamera. Walikuwa wamekwenda pamoja Kagunga kupiga picha za harusi. Namba ngeni, mtandao unakatika, sauti inakuja na kupotea.

"Shemeji, Dismasi amekata moto. Tunakuja na boti ya kesho."

Kisha ikakatika. Akaipigia namba ile, haipatikani. Akapiga ya Dismasi, haipatikani.

Amekata moto! Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mke wa mtu? Vijana wa vijiweni wakisema mlevi fulani kakata moto, wewe tafuta sanda, ndiyo lugha yao. Lakini Dismasi, mtu mzima, baba wa watoto? Hata kusema "ametutoka" kulimshinda? Sababu hakuitaja, wala Honorata hakuhitaji kutajiwa. Presha. Kila siku alimsihi mumewe ameze dawa, naye kila siku alicheka. Alimkasirikia Ntirampeba, akamkasirikia na marehemu, kisha hata hasira yenyewe ikaisha, asibaki na kitu.

"Nimekupata, mshenzi wewe!" Nehemia aliiambia laptopu.

Tundu la chaji lilikuwa limeng'oka kwa ndani. Alilishika kwa koleo, akaligandisha kwa lehemu, akasubiri lipoe, akachomeka. Taa ikawaka.

Honorata hakutabasamu. Alisogeza tu kiti karibu.

Maharusi. Keki. Maharusi tena. Watoto wa kipaimara kwenye mstari, mmoja kafumba macho. Nehemia alipekua mpaka ikatokea picha moja iliyopinda, ambayo bila shaka ilipigwa na mtu mwingine: Dismasi kainamia sahani ya ugali na migebuka, mashavu yamejaa, anamkanya mpiga picha kwa kidole.

"Hiyo hiyo," Honorata alisema.

"Mama, hapa anatafuna."

"Kata, ibaki sura. Kutafuna nako ni yeye."

Nehemia alikuwa bado anaikata alipoingia mama mmoja na kikapu chake, Révérienne, Mrundi anayeuza mawese sokoni. Akaweka juu ya meza simu iliyozimika.

"Mwaramutse, fundi! Nisaidie, mwanangu, nimekata moto."

"Pole, mama. Waya wa chaji ule pale, chomeka," Nehemia alijibu bila hata kuinua macho.

Honorata aligeuka polepole.

"Umesemaje, mama?"

"Nimekata moto toka jana, mama yangu! Watoto wananipigia, hawanipati."

Honorata alimtazama yule mama, mzima wa afya, jasho puani, anahangaika na waya. Alifungua pindo la kanga, akatoa kitochi chake. Tangu usiku hakuwa amepiga tena, maana nani humpigia marehemu? Vidole vilikosea, akafuta, akabonyeza upya.

Ikaita.

"Haloo, Honorata! Nimepata chaji humu botini, ndiyo kwanza nawasha simu, Kibirizi tunaiona ile pale. Niwekee maji ya kuoga."

Honorata alifungua kinywa amjibu, lakini kilichotoka ni kilio. Yale machozi yote ya tangu jana yalikuja kwa mkupuo, akalia mpaka wapita njia wakasimama mlangoni.

"Honorata?" Sauti ya Dismasi ilibadilika. "Honorata, mke wangu, unalia nini? Nani amekufa?"