Gogo la Kushoto

Bibi alikuwa ameshatia madaftari ya Fuatino kikapuni. Miaka miwili ya shule, na mjukuu wake hajatamka hata neno moja darasani.

"Umejitahidi, mwalimu," alisema. "Acha akanisaidie kusuka mikeka."

Alichobaki nacho mwalimu ni katuni aliyoichora wiki nzima: watu wawili ndani ya mtumbwi, na viputo vya maneno alivyoviacha wazi ili mtoto avijaze. Akaiweka mezani, basi tu.

Fuatino akaitazama. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akachukua raba, akaanza kufuta.

"We mtoto, usiharibu kazi ya watu."

"Mwache, bibi."

Lile gogo la pembeni, linalouzuia mtumbwi usipinduke, mwalimu alilichora kulia. Alizaliwa mjini Apia, angejuaje? Fuatino akalifuta lote, akalichora upya kushoto, mahali ambapo Samoa nzima hulifunga. Kamba zake akazichora moja moja, ulimi umemtoka nje.

Kisha akainua uso.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, "nani kakufundisha kuunda mtumbwi?"

Raba ilibingirika ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota.

Bibi akavuta kiti kidogo cha wanafunzi, akakaa, akaanza kuyatoa madaftari kikapuni.

"Mjibu basi, mwalimu," akasema. "Mtoto anakuuliza."