Hapana ya Benchi

Kwenye benchi la kliniki ya kisukari, wagonjwa walikuwa wameshafundishana majibu.

"Nesi ana maswali mapya, eti ya mawazo na huzuni," Mama Zawena alimnong'oneza Leonsi. "Jibu hapana kwa yote, mwanangu. Ukisema ndiyo hata mara moja, unapelekwa kwa mshauri na foleni ya dawa inakupita."

Leonsi aliitikia kwa kichwa. Tangu alfajiri alikuwa akimwomba Mungu siku hiyo ipite bila mtu kumtazama usoni. Wiki ya tatu sasa alikuwa ameacha kujidunga insulini, na si kwa kusahau.

Alipoketi mbele ya nesi Perusi, alijibu hata kabla maswali hayajaisha.

"Unakosa usingizi?"

"Hapana."

"Unajiona mzigo kwa watu?"

"Hapana."

"Umewahi kutamani usiamke?"

"Hapana."

"Na leo jioni utajidunga sindano yako?"

"Hapana."

Kalamu ya nesi ilisimama. Leonsi alifungua mdomo ajisahihishe, lakini nesi alimwahi.

"Kaka Leonsi," nesi alisema taratibu, "najua mnavyofundishana huko nje. Hiyo ni hapana ya benchi, au ni yako?"

Leonsi alitazama mlango, akatazama sakafu. Kisha vidole vyake vikaanza kuhangaika na vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, mpaka tumbo, mahali alipopaswa kujidunga kila siku, likaonekana, laini, bila alama hata moja ya sindano.