Waya Wenye Upindo wa Kanga

"Simu hizi zina jini," alisema meneja mpya, Bi Agripina. "Kila siku ikifika saa nne zinalia zote kwa pamoja, na ukipokea hakuna mtu. Hebu utuondolee balaa hili, mzee."

Fundi Shaweji alipiga magoti mbele ya mtambo wa simu. Hakusema kuwa mlio ule aliuweka yeye mwenyewe, enzi za Bi Mgeni, aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi chai. Miguu ya Bi Mgeni ilikuwa imevimba, hawezi tena kupita chumba kwa chumba akiita watu. Basi simu zikawa zinamwitia. Ofisi nzima, wakubwa kwa wadogo, ilikuwa ikimiminika jikoni kugombea mandazi. Siku hizi jiko limegeuzwa stoo, na mwenyewe ametangulia mbele ya haki.

Shaweji alifungua begi. Nyaya zake mbili za kuunganishia kompyuta na mitambo zilifanana kama pacha, lakini mtambo huu uliukubali mmoja tu. Huo Bi Mgeni aliufunga kipande cha upindo wa kanga yake.

"Usije ukachanganya, mwanangu," alimwambia siku ile.

Sasa Shaweji aliupapasa upindo ule, akaurudisha waya begini taratibu. Akachomeka ule mwingine. Kompyuta yake ikabaki kimya.

"Vipi?" aliuliza meneja.

"Mtambo umegoma, bosi."

Mara simu zikalia, meza zote. Hakuna aliyepokea. Ila mhasibu mzee, macho yakiwa bado kwenye karatasi zake, alisogeza kiti nyuma, akasimama, akaelekea kule lilikokuwa jiko.